Nifanyeje ili niweze kuzipokea hoja zinazopingana na zangu?

Swali
Ndugu zangu, nimejigundua kasoro ambayo sijawahi kuikiri mbele ya mtu. Kila ninapopingwa, hata katika jambo dogo, kifua hunibana, na kabla mwenzangu hajamaliza kusema mimi nimekwisha kuandaa jibu, hivyo kwamba maneno yake ya mwisho huwa siyasikii kabisa. Naambiwa kuwa dawa yake ni kujitambua. Je, kujitambua huko hufanyikaje, na kuna tofauti gani kati ya kuipokea hoja ya mtu na kusalimu amri?

Jibu la 1
Nianze na swali lako la mwisho, maana ndilo jepesi. Umeipokea hoja pale unapoweza kuieleza hata mwenyewe akasema, "Naam, hicho ndicho nilichokusudia." Ukishafika hapo, una hiari ya kuikataa. Ama kuhusu kubanwa kifua, jiulize kilichoguswa ni hoja yako au ni heshima yako. Kwangu mimi, mara nyingi huwa ni heshima.

Jibu la 2
Nakubaliana na ndugu aliyetangulia kwa sehemu tu, kwa sababu jicho tunalojichunguzia ndilo hilohilo lenye kasoro. Mwaka 1979, wanasaikolojia Charles Lord, Lee Ross na Mark Lepper waliwapa wanafunzi wa chuo kikuu, wengine wakiunga mkono hukumu ya kifo na wengine wakiipinga, maelezo ya tafiti mbili zilizopingana kuhusu iwapo adhabu hiyo huzuia mauaji. Kila upande uliona kuwa utafiti uliokubaliana nao ndio uliofanywa vizuri, na mwishowe wote wakasema kwamba misimamo yao imezidi kuimarika. Mwaka 1984 jaribio jingine lilionyesha kuwa kuwasihi watu wawe waadilifu kama mahakimu hakukuwasaidia. Kilichosaidia ni kuwataka wajiulize, hatua kwa hatua, kama wangeutathmini utafiti vilevile endapo ungeleta matokeo ya kinyume. Kwa hiyo usijiahidi tu kuwa mtu wa haki, bali jiulize swali hilo.

Jibu la 3
Charles Darwin alikuwa na mazoea ya kuandika papo hapo kila jambo lililopingana na hitimisho lake, kwa kuwa alikwisha kubaini kwamba mambo ya namna hiyo humtoka akilini upesi kuliko yale yanayompendeza. Nami naweka daftari la aina hiyo. Halipendezi kulisoma.

Muulizaji
Nawashukuru. Jana dada yangu alinitumia makala kuhusu malezi ya watoto, nami nikaidharau kwa sababu mwandishi alitegemea mifano ya familia chache mno. Ndipo nikalikumbuka lile swali la kinyume, nikalazimika kukiri kwamba kama familia hizohizo chache zingethibitisha ninayoyaamini, ningeisambaza makala hiyo kabla hata ya kuimaliza. Dada sijamwambia bado.