Nimechoka! Hii siyo intaneti tuliyoizoea

Wakuu, heshima kwenu. Naandika nikiwa na hasira, mtanivumilia.

Juzi usiku cherehani yangu ilianza kuruka mishono. Tatizo dogo, na jibu lake nilijua liko wapi. Kuna ukurasa niliuhifadhi kwenye kivinjari tangu 2006, wa fundi mmoja mstaafu aliyechora kwa mkono kila kifaa cha cherehani, akaweka mishale, na chini ya kila mchoro akaandika maelezo ya mistari mitatu minne. Nikabofya. Haupo. Tovuti nzima haipo, na anwani yake sasa inakupeleka kwenye kamari.

Basi nikatafuta upya, na hapo ndipo damu ilipochemka. Juu kabisa matangazo ya kuniuzia cherehani mpya. Chini yake jibu lililotungwa na mashine, linaniambia bila wasiwasi wowote nipunguze kasi ya mota. Cherehani yangu ni ya kukanyaga kwa miguu, mota inatoka wapi? Nikafungua tovuti ya kwanza. Kabla sijasoma hata neno, naulizwa kama nakubali vidakuzi, vile vijifaili vya kutambua na kufuatilia anayetembelea tovuti: kitufe cha kukubali kikubwa na kimepakwa rangi, cha kukataa unakitafuta kurasa mbili ndani. Nikakataa. Likaibuka dirisha linataka barua pepe yangu. Nikalifunga. Video ikaanza kucheza yenyewe kwa kelele, saa saba usiku, watu wamelala. Nakimbilia kuizima, ukurasa ukaruka, kidole kikatua kwenye tangazo. Niliporudi nikakuta aya sita za umuhimu wa kushona katika maisha ya binadamu. Jibu halimo!

Jibu lenyewe, kwa mwenye shida kama yangu: anza na sindano. Ikiwa imepinda, imekuwa butu, au upande wake bapa umegeuzwa siko, ndoano ya chini haiudaki uzi na mshono unarukwa. Basi, hayo tu. Nililipata kwa kuukumbuka mchoro wa yule mzee.

Na asije mtu hapa kuniambia kwamba nalilia ujana. Nimeanza enzi za modemu, ile inayolia kwenye laini ya simu, na mtu akiinua mkonga chumba cha pili umekatika. Kilobiti 56 kwa sekunde, tena hapo hali ikiwa nzuri. Picha ilikuwa inashuka mstari kwa mstari huku unasubiri. Hilo silitamani hata kidogo. Lakini ukurasa wa fundi ulikuwa maandishi na michoro myeusi tu, ukifunguka umefunguka. Leo kurasa nyingi zinapita megabaiti 2. Pigeni hesabu: kwa modemu ile hizo ni karibu dakika 5, kwa ajili ya jibu la mistari miwili. Kasi yote tuliyoongezewa imeliwa na matangazo na vijiprogramu vya kutufuatilia, na bando tunalipa sisi.

Kwenye mitandao ya kijamii sitakaa sana, ila hili lazima niliseme. Rafiki yangu wa miaka mingi aliandika kwamba amefiwa na mama yake. Nimeliona tangazo lake siku ya tisa. Siku zote hizo nilikuwa naingia asubuhi na jioni, naletewa video za watu nisiowajua wanacheza. Zamani ulichoandika kilikaa kwa mpangilio wa muda, cha leo juu, cha jana chini. Aliyeamua kwamba msiba wa rafiki yangu usubiri ni nani? Nilimpigia simu nikiwa sina la kusema.

Tarehe 30 Aprili 1993, CERN, maabara ya fizikia ya Ulaya, kule Tim Berners-Lee alikobuni wavuti, walitangaza kwamba teknolojia hiyo ni ya watu wote, bila malipo. Watu wakaipokea kwa moyo. Mwenye kupenda nyota aliandika nyota, mwenye kutengeneza redio alichora saketi, hakuna aliyemlipa. Kurasa za namna hiyo zilijaa GeoCities, huduma ya bure ya kuwekea kurasa zako, na wamiliki wake Yahoo wakaifunga Oktoba 2009. Wachache wakawahi kunakili walichoweza, kingine kikaenda. Mwaka 2024 kituo cha utafiti cha Pew kilitoa ripoti: katika kurasa zilizokuwepo 2013, asilimia 38 zilikuwa hazifunguki tena miaka kumi baadaye. Nilipoisoma niliona ni takwimu tu. Juzi usiku nikaielewa.

Nilikwenda kwenye hifadhi ya Internet Archive, wale wanaonakili kurasa tangu 1996, Mungu awabariki. Ukurasa wa fundi nimeukuta, maandishi yote yapo. Michoro ilikuwa kumi na mmoja, imesalimika minne, mingine ni viboksi vitupu. Nimeshaipakua, nimeichapisha kwenye karatasi.

Kama kuna aliyewahi kuuhifadhi ukurasa ule kwenye diski ya zamani, namtafuta. Zaidi nauhitaji mchoro wa ndoano na ule wa kulegeza uzi wa bobini, kile kigurudumu cha uzi wa chini. Hata picha hafifu, iweke hapa hapa kwenye mjadala huu.