Skana ya mpakani imekufa, uzio una tundu, na Bunge liko hapa hapa Dodoma!

Wakuu, heshima kwenu.

Naandika nikiwa Kizota na sijalala vizuri. Semi langu la mashudu ya alizeti, tani 28, limekaa siku nne kwenye kituo kimoja cha mpakani (sikitaji, nina mzigo mwingine njiani) kwa sababu skana ya mizigo ni mbovu. Na haijaharibika jana. Madereva wameizoea kama mtu anavyozoea jino bovu.

Basi ikaamuliwa: shusheni kwa mikono. Magunia 560! Makuli wanataka chao, wingu limetanda, na mashudu yakilowa yanaota ukungu. Katikati ya hayo utingo akanipigia: "Bosi, huku nyuma ya vyoo uzio una tundu, bodaboda zinapita na sukari mchana kweupe." Yaani mwenye nyaraka zote anashusha magunia, mwenye magendo hata breki hakanyagi. Zamani njia za panya tulizijua ziko porini.

Kukata utepe tunajua. Kutengeneza je? Tuna Sheria ya Vituo vya Pamoja Mpakani ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya 2016, maofisa wa nchi mbili wakae sehemu moja, mzigo usikaguliwe mara mbili. Safi kabisa. Mimi nimekaguliwa mara moja, kwa siku nne.

Marekani nao walitunga sheria ya uzio wa mpaka wao na Mexico mwaka 2006. Ukakatwa kwa misumeno ya dukani, na 2021 mafuriko ya Arizona yakang'oa mageti yake. Wenye pesa zao wamejua kwamba chuma bila fundi ni chakavu kinachosubiri siku yake.

Tunachotaka ni sheria ya matengenezo ya vifaa vya mpakani. Na msiniambie "mbunge wako apeleke muswada binafsi". Someni Ibara ya 99 ya Katiba: muswada unaogusa Mfuko Mkuu wa Hazina, yaani kapu kuu la fedha za Serikali, hauendi popote mpaka Rais apendekeze na Waziri awasilishe pendekezo hilo bungeni. Kutengeneza skana ni pesa. Kwa hiyo ni Serikali ndiyo ilete muswada, na isituletee wa kusema "vifaa vitakaguliwa mara kwa mara". Mara kwa mara ni lini? Iandikwe tarehe, ripoti ibandikwe getini tuisome sisi wenye magari, matengenezo yawe na fungu lake lisilohamishwa kwenda kwenye semina. Na skana ikipitisha siku saba bila kupona, mwenye nyaraka kamili afunguliwe magunia machache tu, apite. Hiki cha mwisho ndicho watakachokipinga, mtaniambia.

Mashudu yamefika jana jioni. Mnunuzi kakataa magunia 41, yameota ukungu. Hayo namdai nani?