Kuita waandishi kwenye tukio: mwaliko wa ukurasa mmoja, taarifa kamili au WhatsApp?

BodaKirumba
Wadau, habari za leo. Umoja wetu wa bodaboda hapa Mwanza umekubaliana na watu wa Damu Salama, mpango wa taifa wa kukusanya damu, kufanya zoezi la kuchangia damu Viwanja vya Furahisha tarehe 14 Juni, Siku ya Wachangia Damu Duniani. Sisi ndio tunaobeba majeruhi, na mara nyingi majeruhi ni sisi wenyewe. Kipindi hicho shule zimefungwa, wanafunzi wa sekondari ambao huchangia kwa wingi wako likizo, kwa hiyo tunahitaji watu wazima wa mtaani wasikie na waje.

Kamati imegawanyika. Wengine wanataka taarifa kwa vyombo vya habari ya kurasa tatu, historia ya umoja na risala humo humo. Wengine wanataka mwaliko wa ukurasa mmoja. Katibu anasema barua pepe hazisomwi siku hizi, turushe tu kwenye magrupu ya waandishi ya WhatsApp. Ipi inaleta kamera kweli?

DawatiLaJioni
Nimekaa dawati la habari miaka mingi, ngoja nieleze upande huo. Mwaliko na taarifa havishindani, kila kimoja kina saa yake. Mwaliko unasomwa na mtu anayepanga nani aende wapi. Asubuhi ana gari moja, wapiga picha wawili, na mezani kuna semina, mahafali na uzinduzi wa kisima. Historia ya umoja wenu haimsaidii saa hiyo. Anataka kujua ni lini, ni wapi, kuna nini cha kupiga picha na nani atazungumza. Asipoiona saa kwenye mistari ya juu, gari linaenda kwingine.

Taarifa inasomwa na anayeandika, tukio likishaisha. Hiyo ndiyo inabeba idadi ya waliochangia, chupa zilizopatikana, na maneno ya mtu mmoja yenye uzito. Itumeni siku hiyo hiyo kabla ya saa 10 jioni, na picha mbili zenye majina kamili, kutoka kushoto kwenda kulia. Kurasa tatu hakuna anayezimaliza.

Halafu angalieni tarehe yenu. Katikati ya Juni ndipo Bajeti ya Serikali inaposomwa Dodoma. Mwaka 2022 ilisomwa tarehe 14 yenyewe, 2023 tarehe 15, 2024 tarehe 13. Siku hizo kurasa za mbele za magazeti ya kitaifa ni kodi na bei ya mafuta. Msimalizie nguvu huko. Redio za Kanda ya Ziwa zina nafasi, na wachangiaji mnaowataka ndizo wanazosikiliza.

RipotaWaMkoa
Katibu ana haki nusu. Sisi wa mikoani wengi tunalipwa kwa habari iliyotoka, mshahara hakuna. Ujumbe wa WhatsApp nausoma hapo hapo. Ukija kama PDF ya barua iliyoskaniwa, yenye mhuri na "yahusu kichwa cha habari hapo juu", nauacha mpaka nipate bando, na hapo siku nimeshaipanga. Andikeni maneno yenyewe ndani ya ujumbe.

Lakini grupu peke yake halitoshi. Mwaliko ukiingia kwenye grupu la watu wengi, kila mmoja anadhani mwenzake ataenda. Mpeni mratibu wa klabu ya waandishi ya mkoa, kisha siku moja kabla pigeni simu kwa watu watano au sita, mmoja mmoja. Barua pepe nayo iende dawati la habari kama siku tano kabla, maana mtu wa televisheni hachukui kamera bila mhariri kuingiza tukio kwenye ratiba.

Na jamani, muda! Mwaliko unasema saa 3:00, mgeni rasmi anaingia saa 6:00, mimi nimeshapoteza habari nyingine. Andikeni saa ambayo sindano ya kwanza itaingia, siyo saa ya kupanga viti.

AfisaUhusiano
Kaka zangu, mimi napingana kidogo. Bila mgeni rasmi kwenye kichwa cha mwaliko, televisheni haziji. Akitajwa mkuu wa wilaya, zinakuja.

DawatiLaJioni
Dada, kuja zinakuja. Ila sikiliza kinachotoka saa 2 usiku: "Mkuu wa wilaya awataka bodaboda kutii sheria za barabarani." Damu haimo. Ukimweka yeye kichwani umemuuzia mhariri hotuba, na hotuba ndiyo atakayoirusha. Kichwa kiwe tukio, mgeni akae kwenye mstari wa wazungumzaji, na ofisi yake ipewe mapema mambo mawili mnayoomba ayaseme.

SautiYaZiwa
Mimi ni wa redio. Habari ya jioni haimleti mchangiaji, zoezi limeshakwisha. Mahojiano ya asubuhi ya jana yake yanamleta. Nipeni dereva aliyewahi kuongezewa damu, aliyeridhia kusimulia, aje studio. Chini ya mwaliko wekeni nani anaruhusiwa: miaka 18 hadi 65, uzito kuanzia kilo 50, mwanaume kila baada ya miezi mitatu, mwanamke minne. Hayo nitayasoma hewani kama yalivyo.

BodaKirumba
Asanteni sana. Rasimu hii hapa:

MWALIKO KWA VYOMBO VYA HABARI
Bodaboda Mwanza kupanga foleni kuchangia damu
Lini: 14 Juni, saa 4:00 asubuhi, mchangiaji wa kwanza
Wapi: Viwanja vya Furahisha
Picha: saa 3:30 msafara wa pikipiki unaingia uwanjani, madereva kwenye foleni, helmeti mkononi
Wazungumzaji: dereva aliyeokolewa kwa damu ya kuchangiwa, mtaalamu wa Damu Salama, mkuu wa wilaya (saa 5:00)
Kwa nini sasa: shule zimefungwa, wachangiaji wanafunzi wako likizo
Simu: namba moja, ya mtu atakayekuwa uwanjani

Katibu anauliza, nauli ya waandishi tuitaje?

RipotaWaMkoa
Msiitaje. Mwaliko unaotaja posho unaleta hata wasio na chombo. Kama mna uwezo wa nauli, iwe sawa kwa wote na isitegemee habari imetoka au haikutoka. Mkitaka kunisaidia kweli, nipeni dakika tano na yule dereva kabla ya hotuba, na sehemu ya kuchajia.

DawatiLaJioni
Rasimu imekaa vizuri. Msafara muuombee kibali polisi kabla hamjautangaza, ukizuiwa asubuhi ile picha yenu kubwa imekwenda. Ongezeni pia mstari kwamba wapo wachangiaji wasiotaka kuonekana, na vitanda vya waliokubali kupigwa picha viko upande mmoja. Mpiga picha akijua hilo mapema anafanya kazi bila kugombana na mtu. Barua pepe itumeni asubuhi kabla ya saa 3, kikao cha wahariri hakijaanza.