Sikukuu ya Korea inahama kila mwaka: nipange lini tujengee kaburi la mume wangu?

Mama wa Tukuyu
Habari zenu humu ndani. Mwanangu wa pili anasoma chuo Daejeon, Korea Kusini. Baba yake alifariki hapa nyumbani mwanangu akiwa kule, kaburi mpaka leo ni udongo mtupu. Ukoo umesema hatujengei mpaka yeye awepo.

Mwaka 2024 aliniambia sikukuu yao kubwa ya mavuno, Chuseok, ni tarehe 17 Septemba. Nikaizungushia duara kwenye kalenda ya kanisa. Mwaka 2025 nikamwambia tutajenga siku ya sikukuu yenu, akasema sawa mama. Nikaita ndugu kwa tarehe ile ile, wengine wametoka Kyela, wengine Chunya. Mchele upo, fundi nimeshampa kianzio. Kumpigia, ananiambia, "Mama, mwaka huu ni tarehe 6 Oktoba, tiketi nimekata ya Oktoba." Ndugu wakala, wakalala, wakarudi kwao. Pesa ya kuwaita tena sikuwa nayo, naye akaahirisha safari.

Saruji mifuko kumi iko stoo, nimeinyanyua juu ya mbao isishike unyevu, mvua za huku mnazijua. Nisaidieni: kalenda yao inakwendaje, na mwaka huu wa 2026 nipange lini?

Mkulima Uyole
Pole sana mama. Nadhani wanafuata mwezi mwandamo kama Waislamu. Toa siku kumi na moja kila mwaka utaipata.

Kaka wa Kilolo
Mama, shikamoo. Pole kwa msiba, na pole kwa hilo la wageni.

Nimesoma Jeonju, huko huko Korea Kusini, miaka minne. Mkulima, umepatia nusu. Miezi kumi na miwili ya mwandamo ina siku 354 hivi, kwa hiyo tarehe hurudi nyuma siku kumi na moja. Lakini Ramadhani inazunguka majira yote, wakati Chuseok ni ya mavuno, haiwezi kuangukia kipindi cha kupanda. Ndiyo maana kila baada ya miaka miwili mitatu wanaongeza mwezi wa kumi na tatu, mara saba katika miaka 19. Mwaka 2025 mwezi wa sita ulirudiwa. Hapo ndipo mama ulipokwama: badala ya kurudi nyuma, sikukuu iliruka kutoka 17 Septemba hadi 6 Oktoba. Kwao ni siku ileile, tarehe 15 ya mwezi wa nane, mwezi mpevu.

Mwaka huu ni tarehe 25 Septemba. Usipange hapo. Mapumziko ni siku tatu, 24 hadi 26. Mwaka 2025 ilikuwa bahati: tarehe 3 Oktoba ni siku ya kuasisiwa taifa, tarehe 9 ni siku ya Hangul, maandishi yao, Chuseok ikakaa katikati na siku moja ya fidia, wakapata wiki nzima. Kutoka uwanja wa ndege wa Incheon mpaka Tukuyu ni karibu siku mbili njiani, siku tatu zinaishia safarini.

Fuata mihula ya chuo. Mwaka wao wa masomo unaanza Machi, si Januari kama shule zetu. Muhula wa kwanza unakwisha Juni, wa pili unaanza mwanzoni mwa Septemba hadi karibu na Krismasi. Yuko huru Julai na Agosti, halafu tena Januari na Februari. Januari huko Rungwe ni tope na watu wako kwenye palizi. Panga Julai au Agosti.

Na mwanao atakuelewa kuliko unavyodhani. Wiki chache kabla ya Chuseok familia ya rafiki yangu ilinichukua kwenda kufyeka makaburi ya babu zao mlimani. Kaburi lao ni kichuguu cha mviringo kilichoota nyasi. Mzee alifyeka kwa mashine, sisi tukakusanya nyasi kwa reki, yale mabua ya karibu na udongo akayang'oa kwa vidole. Kisha akamimina pombe ya mchele, tukasujudu mara mbili, paji la uso chini. Nilimkumbuka bibi yangu pale Kilolo, nikalia.

Mama wa Tukuyu
Marahaba mwanangu. Hilo la kung'oa kwa vidole nimemsomea mama mkwe, ameitikia kwa kichwa tu, kimya.

Nane Nane shemeji zangu wako Uyole na mifugo yao kwenye maonyesho, kwa hiyo isiwe wiki ile.

Kaka wa Kilolo
Maonyesho huanza tarehe 1 Agosti, basi Jumamosi tarehe 25 Julai. Ila mpigie kwanza athibitishe mitihani yake. Wako mbele yetu saa sita, ukipiga saa nane mchana kwao ni saa mbili usiku, utamkuta bwenini.

Mama wa Tukuyu
Nimempigia sasa hivi. Mitihani inaisha Juni, anakuja katikati ya Julai. Kesho namrudia fundi. Ndaga fijo, asante sana.