Alinisaidia matangani, sasa anataka nisaini simenti ambayo haikufika

Mama wa Depo (Kadutu, Bukavu)

Wapendwa, naomba mnisome mpaka mwisho kabla ya kunijibu. Jambo hili limeninyima usingizi siku nne.

Natunza depo ya kampuni ndogo ya ujenzi hapa Bukavu. Lori likifika nahesabu, nasaini karatasi ya kupokea, na mwenye mali analipwa kwa sahihi yangu. Sasa hivi tunajenga madarasa sita upande wa Panzi.

Mama yangu alifariki mwaka jana, mwezi wa nane. Mtu anayetuletea simenti alifika matangani siku ya kwanza kabisa, kabla hata ya wajomba zangu kutoka Walungu. Daftari la matanga ninalo, lile la miraba midogomidogo ambalo watoto wanafanyia hesabu. Mpwa wangu ameandika mstari wa 17: dola 150, makala (mkaa) mifuko 2, bia ya Primus kreti 4. Kisichoandikwa ni lori. Alitoa lori lake kutupeleka Walungu kuzika, hakudai hata pesa ya mafuta. Mvua ilikuwa imenyesha usiku kucha. Kwenye mteremko mmoja gurudumu la nyuma likazama, naye, na shati lake jeupe, akashuka, akapiga magoti topeni na kuanza kupanga mawe chini ya gurudumu kwa mikono yake, jeneza la mama likiwa juu. Alipoinuka shati lote mbele lilikuwa jekundu kwa udongo. Hilo sitalisahau mpaka naingia kaburini.

Mwezi wa kumi na moja alileta mifuko 194 badala ya 200. «Dada, sita imeshika maji njiani. Andika mia mbili, kesho kutwa naikamilisha.» Niliandika. Akaileta yote sita. Mwezi wa pili ikapungua sita tena, akaleta minne. Miwili nikainunua mwenyewe, dola 13 mmoja, nikaiingiza depo jioni wakati walinzi wanakula. Sikumwambia mtu, hata mume wangu.

Ijumaa iliyopita ilifika 285 badala ya 300. Nikamwambia safari hii siwezi. Hakukasirika. Aliniangalia tu, akasema polepole: «Dada, siku ile kwenye mteremko mimi sikuhesabu mawe.»

Karatasi iko ndani ya mkoba wangu, haina sahihi. Alhamisi patroni anaitaka.

Sihitaji mtu wa kuniambia kwamba wizi ni mbaya, hilo najua. Ninachouliza ni hiki: deni lile ni langu, ni la kweli, na nataka kulilipa. Nitalilipaje kwa mali yangu mimi, bila yeye kuona nimemkana?

Dada wa Likelemba (Nyawera)

Pole sana kwa mama, dada yangu.

La kwanza, usimpelekee dola 150 ndani ya bahasha. Nilishafanya hivyo. Jirani alimlipia mwanangu hospitali dola 80 usiku, mimi sina hata franka. Zamu yangu ya likelemba, ule mchango wetu wa kupokezana, ilipofika, kesho yake asubuhi na mapema nikampelekea 80 zake, nimezikunja vizuri. Alizipokea mlangoni. Hakuniambia ingia. Tangu siku hiyo tunasalimiana kama watu waliokutana kwenye teksi. Alinipa kama ndugu, mimi nikamrudishia kama mtu wa duka, na mpaka leo inaniuma.

Kitu cha matanga kinajibiwa kwenye jambo la mwenzio. Ana binti wa kuposwa? Ana mzee mgonjwa? Ngoja siku yake. Ikifika, beba kile alicholeta na kakitu kidogo juu yake, ufike wa kwanza kama alivyofika yeye, ulale huko, uoshe masufuria. Lile lori alilitoa kwa mwili wake, na wewe utalijibu kwa mwili wako.

Fundi wa Bagira

Mama, mimi ni fundi wa beto (zege), nitasema ninalolijua tu.

Beto ya nguzo tunaipiga kilo 350 za simenti kwa mita moja ya ujazo. Mfuko ni kilo 50, kwa hiyo ni mifuko 7. Mifuko 15 iliyokosekana ni beto ya zaidi ya mita 2. Nguzo ya darasa, sentimita 20 kwa 20, urefu mita 3, inakula mita 0,12. Piga hesabu mwenyewe: ni nguzo 17.

Karatasi ikisema 300, hakuna atakayenunua 15 nyingine. Mkubwa wa shantie, pale mnapojenga, atamwambia fundi ajipange, na fundi kujipanga ni kuongeza mchanga. Nimewahi kuamriwa hivyo, nikafanya, na nyumba ile bado napita mbele yake nikiiangalia pembe zake. Tarehe 3 Februari 2008 ardhi ilipotetemeka hapa Bukavu nilikuwa kazini. Ilikuwa Jumapili, tunamalizia kazi ya mtu. Niliona ukuta unafunguka kama mkate. Hayo madarasa watakaa watoto, mama. Usisaini.

Shofa wa Kamanyola

Wote mnamhukumu huyo bwana. Mimi naendesha lori barabara ya Uvira. Kila barieri, yaani kizuizi cha barabarani, wanataka kitu. Huna pesa mkononi, wanateremsha mfuko. Mwenye mali hana karatasi ya kuonyesha kwamba mfuko uliliwa na barieri, na fakitire, hati ya kudai malipo, inabaki ileile. Inawezekana anasema maji kwa sababu anaogopa kusema barieri. Mama, umemuuliza simenti ilikwenda wapi?

Mama wa Depo

Shofa, sikumuuliza. Umenipiga pahali penyewe. Niliona aibu kumuuliza mtu aliyemzika mama yangu.

Mzee wa Kabare

Mwanangu, mimi ni Mushi, mtu wa kabila la Bashi, nimezaliwa 1949. Nitakueleza jinsi baba yangu alivyopata shamba letu.

Alilipata kwa kalinzi. Alipeleka ng'ombe kwa chifu, watu wakiona, na chifu akamwonyesha kipande cha kilima. Tangu siku ile shamba likawa lake na la watoto wake, na yeye akawa mtu wa yule chifu, kwa heshima na kwa utumishi. Kalinzi haikuwa bei ya sokoni. Ilikuwa kamba kati ya nyumba mbili, na ilirithiwa. Bwasa ni kingine: hapo unapewa shamba la msimu, unalima maharagwe, unalipa kwa mavuno au kwa kazi, mambo yanakwisha. Sisi watoto tulijua tofauti yake kabla ya kujua kusoma.

Sasa angalia. Ng'ombe yule alikuwa wa baba. Kama angechukua ng'ombe wa jirani na kumpeleka kwa chifu, chifu angepokea nini? Simenti ni ng'ombe wa jirani.

Usiogope kwamba deni ni baya. Hata ng'ambo ya Ruzizi, kule Rwanda, walikuwa na ubuhake, mtu anapewa ng'ombe na anabaki akimtumikia aliyempa, na mwami (mfalme) Mutara III Rudahigwa akauondoa mwaka 1954. Kupewa ng'ombe ni heshima. Ubaya unaanza pale aliyepewa asipoweza tena kusema hapana. Huyo ndugu yako alitoa mbele ya watu wote, wakati wa mvua, mchana. Anachokuomba anakuomba kwa sauti ya chini. Mwambie hivyo, kwa upole, na usimwambie mbele ya watu.

Mhasibu Mstaafu (Ibanda)

Kwa ufupi, mama. Andika 285. Nakala tatu, yeye asaini na wewe usaini. Sheria nambari 05/006 ya tarehe 29 Machi 2005, ile iliyorekebisha kitabu cha sheria za makosa cha 1940, haigusi watu wa leta (serikali) peke yao, inagusa na mtu anayeshika kazi ya kampuni ya watu binafsi. Zawadi ikiwa bei ya sahihi yako, wote wawili mmeingia.

Na ile mara mbili ya zamani, mweleze patroni wewe mwenyewe kabla hajaambiwa na mlinzi. Walinzi wanakula huku wanaangalia.

Mama wa Depo

Narudi kuwaambia, maana mlinibeba.

Alhamisi nilipeleka karatasi ya 285. Nikaeleza na mengine yote, pamoja na mifuko miwili niliyonunua. Patroni alinyamaza muda mrefu akizungusha kalamu. Kanipa barua ya onyo, na tangu sasa tutahesabu watu wawili. Barua nimeipokea, ni haki yake.

Jumamosi nilikwenda kwa yule ndugu na daftari la matanga. Nikamuuliza lile la Shofa: simenti ilikwenda wapi? Alinitajia barieri moja moja, mifuko mingapi kila moja. Ilifika 11. Ile minne, akasema, aliiuza kulipia mtoto masomo, na hakuinua macho alipokuwa anasema. Nikamwambia yale ya Mzee, kwamba ulichonipa ulinipa mchana. Halafu nikafungua mstari wa 17 na kuandika chini yake kwa mkono wangu: «Lori mpaka Walungu. Mawe ya mteremko.» Nikamwambia daftari hili watoto wangu watalirithi. Alisoma, akaligeuza kwenye mwanga, akasoma tena. Hakusema kitu. Mke wake akaleta chai.

Wakati naondoka, yeye alibaki amekaa. Mke wake ndiye aliyenisindikiza mpaka barabarani, na hapo akaniambia kwamba tarehe 14 wanapokea wakwe wa binti yao mkubwa, na kwamba masufuria ni mengi.

Kwa hiyo, Dada wa Likelemba, nakuuliza wewe. Nina mbuzi jike kwa mjomba Walungu, na dola 150 nitazipata, zamu yangu ni tarehe 5. Nikipeleka vyote viwili, si itaonekana kama nashindana naye nyumbani kwake? Au mbuzi nimtume mjomba amlete kwa jina lake, mimi nifike mapema na kisu changu cha kumenyea ndizi?