MJADALA: Maji ya mabwawa ya kambamiti yamwagwe wakati wa bamvua tu?

Mwanzisha mada:

Wadau, habari za leo. Naomba tulijadili hili kwa uzito, linatugusa watu wa mwambao wa Bagamoyo. Kibali cha kumwaga baharini maji ya mabwawa ya kambamiti na samaki kiwe na masharti gani?

Kwenye kikao cha kijiji kaka mmoja alisema tusisumbue wafugaji: tangu 2004 tuna Sheria ya Usimamizi wa Mazingira, mradi unafanyiwa tathmini ya athari, unapewa viwango vya majitaka, yatosha. Mimi sipingi ufugaji. Samaki wamepungua na vijana wanataka kazi. Ila kipimo kinachochukuliwa mdomoni mwa bomba hakijui kama nje kuna bamvua (maji makubwa ya mwezi mchanga na mwezi mpevu) au maji mafu (siku ambazo maji hupanda na kushuka kidogo tu).

Wakati wa bamvua maji yetu hupanda na kushuka zaidi ya mita 3, na kinachomwagwa mkondoni hubebwa mbali. Maji mafu yakiingia, kilichomwagwa asubuhi jioni bado unakikuta pale pale, kinakwenda na kurudi kwenye mikoko. Mvuvi yeyote analijua hili, ila sijaona kibali kinacholitaja.

Mama yangu analima mwani. Mwaka juzi bwawa moja la jirani lilivunwa siku za maji mafu, likafunguliwa lote kwa mkupuo. Baada ya siku chache nilishuka naye shambani. Taitai, zile kamba ndogo za kufungia mwani, zilikuwa zimevaa utelezi wa kijani, ukiuvuta unanyumbuka kama ute wa bamia. Chini yake mwani umeshakuwa mweupe, ukiugusa unakatika. Tope kwenye vigingi lilikuwa jeusi, linanuka yai viza. Najua joto nalo linaua mwani, kwa hiyo simbebeshi jirani lawama yote. Lakini utelezi ule ulihitaji mbolea, na mbolea ilitoka bwawani: kambamiti wakilishwa, sehemu kubwa ya naitrojeni ya chakula haibaki mwilini mwao, inaishia majini na kwenye tope. Maji ya mwisho, yale ya sakafuni wakati wa kuvuna, ndiyo machafu kupita yote.

Napendekeza bwawa lifunguliwe wakati wa bamvua tu, maji yakianza kupwa. Na kila mkondo uwekewe kikomo cha jumla. Mabwawa matano, kila moja likiwa ndani ya kiwango chake, bado yanaweza kuua mkondo mmoja.

Mchangiaji (mfugaji):

Dada, pole kwa mama. Ila siku ya kuvuna haipangwi na mwezi mchanga. Mnunuzi ameshaleta gari na barafu, nikingoja wiki nzima nalisha bure na kambamiti wanaweza kuugua. Na mbona wa mwani na chaza hamuwekewi kibali?

Mwanzisha mada:

Asante kaka, hoja ya barafu ni ya kweli. Basi vuna siku yako, lakini yale maji ya mwisho yaingie kwanza kwenye bwawa la kutuamisha, tope litulie, bamvua ikifika ndipo uyaachie. Ni kuchimba shimo moja zaidi, na ningependa halmashauri ipunguze ushuru kwa atakayelichimba.

Kuhusu mwani na chaza, hawa hatuwalishi. Mwani unakunywa ile ile naitrojeni unayoimwaga, chaza anachuja maji apate chakula chake. Kinyesi cha chaza kinaweza kurundikana chini wakibanana mno, hilo nakubali, kwa hiyo wapangiwe nafasi. Lakini kumtoza mama mwenye kamba 30 za mwani ada sawa na mwenye mashine ya kuvuta maji si haki.

Wenzetu wa Norway, wanaofuga samoni kwa wingi kupita nchi zote, hulazimika kuliacha eneo la vizimba bila samaki angalau miezi 2 baada ya kila mzunguko. Sampuli za tope huchukuliwa chini ya vizimba, huko huko baharini. Kwetu nani achukue tope la mkondoni? Nasema vikundi vya ulinzi wa rasilimali za uvuvi vifundishwe kuchukua sampuli, na majibu yabandikwe ofisi ya kijiji, mfugaji na mlima mwani wayasome pamoja. Wa Mlingotini na Kaole, nyie mnaonaje?