Re: Bosi ananilipa keshi mkononi, kodi nafanyaje?

> Habari zenu ndugu. Nina miezi saba namtunza mzee nyumbani kwake. Binti yake ndiye ananilipa, keshi, kila Ijumaa. Hakuna slipu, hakuna makato. Nina kadi ya kijani. Nilipomwuliza habari za karatasi za kodi akasema keshi ni kwa faida yangu. Mwaka ndio huo unaisha. Nikikaa kimya ni kosa? Naombeni mnielekeze.

Dada yangu, pole na kazi. Kumnyanyua mtu mzima kitandani mara sita kwa siku najua kulivyo, kwa sababu kazi hiyo hiyo niliifanya miaka mitatu hapa Marekani, na mimi pia kwa bahasha. Ijumaa jioni niliikuta kwenye mlango wa friji, imebanwa na sumaku, ndani noti za ishirini zimekunjwa mara moja. Nilizihesabia garini. Hakuna aliyeandika chochote, si bosi wala mimi. Siku moja nikafungua akaunti kwenye tovuti ya Social Security, yaani pensheni ya serikali, nikashuka mpaka kwenye jedwali la mapato ya kila mwaka. Miaka ile mitatu ilisomeka $0, $0, $0. Nililia pale pale. Kwa hiyo nivumilie nikijibu kwa kirefu.

Kulipwa keshi peke yake si kosa. Bosi anaruhusiwa kulipa kwa noti. Kosa lake ni kutokukata na kutokupeleka panapohusika, na lako litakuwa kutokutangaza. Kwa IRS, yaani mamlaka ya kodi ya hapa, hela ya bahasha na hela ya benki ni mapato yale yale. Kwa hiyo ndiyo, kukaa kimya ni kosa. Ila kabla hujagusa fomu yoyote jiulize swali moja: kwenye kazi hii wewe ni mwajiriwa au umejiajiri? Wengi wetu tunaumia hapo, kwa kuchukua jibu la bosi.

Nani anakupangia saa ya kufika? Nani anasema dawa ipi saa ngapi, aogeshwe lini, ale nini? Kama ni huyo binti, basi wewe ni mwajiriwa wake, hata kama hamkusaini mkataba na hata kama anakuita msaidizi tu. Sheria inawahesabu walezi, yaya na wapishi wa majumbani kuwa wafanyakazi wa nyumbani, na familia ndiyo mwajiri. Kwa mwaka 2025, familia iliyomlipa mfanyakazi mmoja $2,800 au zaidi (kwa 2026 ni $3,000) inadaiwa kodi ya Social Security na Medicare (bima ya afya ya wazee): asilimia 7.65 kutoka mfukoni mwake na asilimia 7.65 kutoka kwenye mshahara wako, kisha ikupe W-2, karatasi ya mshahara na makato ya mwaka, mwisho wa Januari. Kodi ya mapato yenyewe familia hailazimiki kuikata, mpaka uiombe na ikubali. Ndiyo maana hata mwenye bosi mwaminifu anaweza kujikuta anadaiwa Aprili.

Chukua mfano wa $600 kwa wiki, wiki 50, yaani $30,000. Mwajiriwa sehemu yake ni $2,295. Ukikubali kuandikwa kwamba umejiajiri, unabeba pande zote mbili: asilimia 15.3 ya asilimia 92.35 ya hiyo hela, inafika kama $4,239. Tofauti ni $1,944. Hizo ni zaidi ya wiki tatu za kumnyanyua mzee, na unazitoa kumlipia bosi sehemu yake. Kodi ya mapato iko pembeni: mwajiriwa asiye na mwenza wala wategemezi, akiondoa punguzo la kawaida la 2025 (sehemu ya kipato isiyotozwa) la $15,750, atadaiwa karibu $1,470. Sasa unaona ile "faida yako" ilikuwa faida ya nani.

Sasa ufanye nini. Nunua daftari leo. Tarehe, saa ya kuingia, saa ya kutoka, kiasi ulichopokea. Kila Ijumaa mtumie bosi ujumbe wa simu: "Nimepokea $600 za wiki hii, asante." Akijibu hata kwa kidole gumba tu, una ushahidi. Ukiweza, iweke hela yote benki kwanza ndipo utumie, ili kila wiki iwe na alama yake.

Halafu mwombe W-2 kwa upole. Familia nyingi hazijui kabisa kwamba zinatakiwa kutoa, na nyingine zinaogopa ukubwa wa kazi, wakati ni fomu ya kurasa mbili iitwayo Schedule H inayoambatana na ritani yao wenyewe, yaani taarifa ya kodi ya mwaka. Mimi bosi wangu sikuwahi kumwuliza, niliona aibu. Februari ikiisha hujaipata, piga IRS 800-829-1040, watamwandikia wao. Omba mkalimani kama Kiingereza cha kodi kinakushinda, huduma hiyo ipo bila malipo.

Akikataa kabisa, unafaili, yaani unapeleka ritani yako, bila yeye. Mshahara wa kazi za nyumbani usio na W-2 una mstari wake kwenye fomu 1040, ndiyo ritani yenyewe, mstari 1b. Kama alikata lakini hakukupa W-2, fomu yako ni 4852. Kama anakung'ang'aniza kwamba umejiajiri na hakukata kitu, ni 8919, ambayo inakutoza ile sehemu yako tu ya asilimia 7.65. Hiyo inakwenda sambamba na SS-8, ambapo unawaomba IRS waamue kama wewe ni mwajiriwa. SS-8 hutumwa peke yake, usiibane na ritani, na jibu huchukua miezi sita au zaidi. Nisikufiche, IRS watamwandikia bosi wako kumwuliza upande wake. Atajua ni wewe. Jipange kabla hujaituma, uwe umeshaanza kutafuta kazi nyingine.

Fomu hizo usizijaze peke yako. Kuna vituo vya VITA, vinajaza ritani bure kwa wenye kipato cha kawaida, maktaba na makanisa mengi vinavyo msimu wa kodi. Palipo na ugomvi na bosi, tafuta kliniki za walipakodi wenye kipato kidogo, LITC, hao wana wanasheria.

Na hili nakuomba sana: ukifika 15 Aprili, siku ya mwisho ya kufaili, huna hela, FAILI HIVYO HIVYO. Adhabu ya kutokufaili ni asilimia 5 ya deni kila mwezi mpaka ifike 25. Adhabu ya kufaili bila kulipa ni nusu ya asilimia moja kwa mwezi, pamoja na riba. Ukishafaili unaomba kulipa kidogo kidogo. Na mwaka ambao hukufaili kabisa haufungi, IRS wanaweza kuurudia wakati wowote.

Una kadi ya kijani, dada. Siku ya kuomba uraia kwa N-400 utaulizwa habari za kodi. Siku ya kumdhamini mzazi au mume, I-864 inataka ritani ya mwaka wa karibuni. Na pensheni ya Social Security inataka alama 40. Kwa 2025 kila $1,810 iliyotangazwa ni alama moja, nne tu kwa mwaka. Miezi yako saba inatosha kabisa alama zote nne za mwaka huu, ikiandikwa.

> Samahani kwa kuingilia. Mimi nafanya kazi za kubeba mizigo kwa watu mbalimbali, leo huyu kesho yule. Niliambiwa kama mtu hajanilipa $600 kwa mwaka hakuna kodi. Na wale wa miaka ya nyuma tufanyeje?

Kaka, hujaingilia. Hiyo ya $600 imewapoteza wengi. Ile ni kiwango cha mfanyabiashara anayekulipa kulazimika kukuandikia fomu 1099-NEC. Kwa malipo ya kuanzia 2026 kimepandishwa kuwa $2,000. Wewe unatangaza yote, iwe ulipewa fomu au hukupewa. Na kwa kuwa wateja ni wengi, saa unapanga mwenyewe na gari ni lako, wewe kweli umejiajiri: unajaza Schedule C, fomu ya mapato na gharama za biashara, na faida ya mwaka ikifika $400 tu unaingia kwenye ile asilimia 15.3. Lakini unaondoa gharama, mafuta, kamba, glavu, kwa hiyo tunza risiti. Na usingoje Aprili, unalipa mara nne: 15 Aprili, 15 Juni, 15 Septemba, 15 Januari. Ukilipa kwa hundi au mani oda iandike kwa "United States Treasury". Noti usimpe mtu anayejiita ajenti, hata kama mnasali pamoja.

Miaka ya nyuma faili, ukianza na ya karibuni. Kwa aliyejiajiri kuna saa inayohesabu: mapato yasiyotangazwa ndani ya miaka 3, miezi 3 na siku 15 baada ya mwaka husika kwisha, kwa kawaida hayaingizwi tena kwenye rekodi ya Social Security. Mwajiriwa anaweza kuomba marekebisho hata baadaye ikiwa bosi hakumwandika kabisa, ila atatakiwa ushahidi wa malipo, na hapo ndipo mimi nilipokwama. Sikuwa na daftari.

Kwa ndugu wasio na vibali, mnaosoma kimya: ITIN, namba ya kodi ya asiye na namba ya Social Security, inaruhusu kufaili, lakini haikupi ruhusa ya kufanya kazi. Na Aprili 2025 Wizara ya Fedha na Wizara ya Usalama wa Ndani zilisaini makubaliano ya IRS kuwapa watu wa uhamiaji taarifa, jambo likafika mahakamani. Kabla ya kutuma chochote chenye anwani yako, kaa na mwanasheria wa uhamiaji.

> Asante sana dada, nimeanza kupumua. La mwisho: nina $11,000 nimeziweka ndani. Niende benki kidogo kidogo ili wasiniulize?

Hapana! Keshi inayozidi $10,000 kwa siku benki huripoti, na kuripotiwa si kosa, ni utaratibu tu. Kuigawa kwa makusudi ili isiripotiwe ndiyo jinai, hata kama hela ni ya jasho halali. Peleka yote mara moja, ukiulizwa sema mshahara. Tena kuanzia 1 Januari 2026 anayetuma hela nje ya nchi kwa keshi au mani oda anakatwa asilimia 1 ya ushuru, anayetuma kutoka akaunti ya benki ya hapa hakatwi. Kwa hiyo benki inakufaa pande zote.

Usiku huu kabla hujalala chukua kalenda ya simu, rudi nyuma Ijumaa moja moja mpaka ile ya kwanza, andika kila unayoikumbuka. Zile usizokuwa na uhakika nazo ziwekee alama ya kuuliza, tutazitafuta kwenye jumbe zako. Jumamosi niko nyumbani kuanzia mchana, nipigie tuzipitie pamoja.